Tarehe ya Mtambo wa Orlov

Hizi ni habari za mtambo unaochapa rangi nyingi kwenye karatasi kwa pigo moja, asili yake na uzao wake. Tunaziandika kwa sababu watu wa noti wakikaa kuzungumza hutaja Lausanne, hutaja Würzburg, kisha hunyamaza, na kijana anayewasikiliza huondoka akidhani mtambo ule ni wa Waswisi na Wajerumani tangu enzi na enzi. Sivyo. Ulizaliwa St Petersburg mwaka 1891, na aliyeuzaa ni Ivan Ivanovich Orlov, mtoto wa mkulima, fundi wa kufuma nguo.

Rangi zilikuwapo kabla yake, hilo halina ubishi. Jacob Christoph Le Blon, mzaliwa wa Frankfurt, alipata mwaka 1719 hataza ya Mfalme George wa Kwanza huko London, ya kuchapa picha kwa pleti tatu: buluu, njano na nyekundu. Biashara yake ikafilisika. Akahamia Paris, na huko akapata mwanafunzi, Jacques-Fabien Gautier d'Agoty. Mwalimu alipofariki mwaka 1741, mwanafunzi akatangaza kwamba uvumbuzi wa kweli ni wake yeye, kwa kuwa ameongeza pleti ya nne, nyeusi. Pleti moja nyeusi, na mtu anajiita baba wa rangi! Ugomvi wao tunautaja ili ijulikane kwamba kunyang'anyana haki katika kazi hii hakukuanza juzi. Alois Senefelder alivumbua uchapaji wa jiwe huko Munich katika miaka ya 1790. Godefroy Engelmann wa Mulhouse alipata hataza ya mawe ya rangi mwaka 1837. Hao ndio waliotangulia.

Shida yao wote ilikuwa moja: kila rangi na pleti yake, na kila pleti na safari yake ya karatasi. Aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya Heidelberg ya rangi moja anaijua shida hiyo mwilini. Asubuhi unachapa njano, unaosha rola, mchana unaweka nyekundu. Karatasi nayo haikungoji ikiwa vilevile. Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Aprili, inakunywa unyevu wa hewa na kutanuka, tena inatanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa kadiri nyuzi zake zilivyolala. Zile alama za msalaba ulizoweka pembeni, zilizopandana sawasawa kwenye shiti ya kwanza, zinaachana kwenye shiti ya elfu. Utasogeza pleti kidogo, utairudisha, utatukana kimoyomoyo, na mwisho utamwambia mteja kwamba uchapaji ndivyo ulivyo. Kwenye kalenda ya duka, ule uzi mweupe unaobaki kati ya kijani na nyekundu haumuudhi mtu. Kwenye noti ni msiba. Mghushi naye anachapa rangi moja moja, naye rangi zake zinaachana. Basi ikiwa noti ya serikali inaachana pia, muuza mchele ataitambuaje ya bandia?

Hili ndilo lililowakosesha usingizi wakubwa wa noti wa Urusi. Nyumba yao ya uchapaji ilikuwa St Petersburg, ukingoni mwa mto Fontanka. Iliasisiwa mwaka 1818, zama za Tsar Alexander wa Kwanza, baada ya nchi kuonja noti bandia za Napoleon, na aliyeisimamia ikajengwa ni Agustín de Betancourt, Mhispania wa Tenerife. Boris Jacobi aliwaletea ufundi wa kunakili pleti kwa umeme. Walikuwa watu wenye elimu, hatuwapunguzii. Lakini jawabu halikutoka kwa wenye elimu.

Ama Orlov, alizaliwa mwaka 1861 katika kijiji cha Meledino, jimbo la Nizhny Novgorod, mwaka uleule ambao Tsar Alexander wa Pili aliwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa ardhi. Wanaosimulia maisha yake husema baba yake alikufa yeye angali mdogo, mama akaenda mjini kutafuta kibarua, na mtoto akabaki kwa bibi yake, wakiishi kwa kuombaomba. Tunalipokea kama lilivyosimuliwa. Baadaye akaingizwa shule ya ufundi ya Kulibin, Nizhny Novgorod, na kutoka hapo akaenda Moscow, shule ya Stroganov, walikofundishwa vijana michoro na sanaa za viwandani. Kazi aliyoishika ni ufumaji. Msomaji aushike huu ufumaji, maana ndio unaoamua kesi.

Aliposikia kwamba nyumba ya Fontanka inatafuta njia ya kuwashinda waghushi, aliwapelekea shauri la noti za kufumwa kwa hariri. Fikira ya mfumaji hiyo, na wakubwa hawakuitaka. Shauri wakalikataa, mwenye shauri wakamchukua. Akawa mtu wao, akiwa na nyuzi zake, katikati ya watu wa wino.

Sasa tazama kitanda cha mfumi kinavyofanya kazi. Nguo haipiti hapo mara nne ili ipate rangi nne. Kila uzi unatoka kwenye kibiringo chake, na nyuzi zote zinakutana kabla nguo haijawa nguo. Wachapaji, tangu Le Blon, walikuwa wakizikutanisha rangi juu ya karatasi, yaani mwisho wa safari, mahali ambapo kosa halirudishwi nyuma. Orlov akazikutanisha mapema, ndani ya mtambo, karatasi ikiwa bado imelala kwenye rundo. Ufumbuzi wote ni huo. Mchapaji aliyezaliwa katika wino asingeuona, kwa sababu tangu ujana wake alikuwa akifundishwa kuosha rola na kuanza upya.

Mtambo wenyewe uko hivi. Pleti ni moja tu, yenye michirizi yote ya mchoro ikiwa imeinuka. Mbele ya pleti kuna rola laini ya kukusanya wino. Rola hiyo inaguswa na vipande vya mviringo, kila kimoja kimekatwa kwa umbo la eneo la rangi yake na si zaidi: hiki kinabeba buluu ya pembeni, kile nyekundu ya katikati, kingine kijani kinachozunguka. Kila kimoja kikipita kinaacha wino wake mahali pake, ubavuni mwa mwenzake. Rola ikimaliza mzunguko imebeba mabaka ya rangi zote, bila michirizi yoyote. Mabaka hayo yanapakwa kwenye pleti, pleti inachukua wino pale tu palipoinuka, kisha inapiga karatasi. Pigo moja. Karatasi haikurudi mara ya pili, kwa hiyo haikupata hata nafasi ya kutanuka.

Mwenye lenzi na aifuate michirizi ya kazi hiyo kwa jicho. Mstari unaanza ukiwa kijani, unakata kona, na katikati ya safari unakuwa mwekundu. Haukukatika, haukunenepa, haukuruka hata upana wa unywele. Jirani yake amefanya vilevile, na jirani wa jirani, mamia kwa mamia, kila mmoja akibadili rangi pale anapovuka mpaka. Mghushi mwenye pleti mbili itambidi aunganishe nusu ya mstari na nusu nyingine, kila mstari, kila shiti, na mahali pa kuungia patamwaibisha.

Orlov aliupata mpango huo mwaka 1890, mtambo ukasimama mwaka 1891, na mwaka 1892 ikatoka noti ya rubo 25 iliyochapwa kwa njia yake. Zikafuata za 10 na za 5. Mwaka 1893 kazi yake ilionyeshwa Chicago kwenye maonyesho ya dunia, na mwaka 1900 Paris ikapewa tuzo kuu. Akachukua hataza nchi za nje, akaandika na kitabu kueleza njia yake mwenyewe, jambo ambalo wavumbuzi wengi wa mitambo hawalifanyi, na ndiyo sababu wengi wao hudhulumiwa.

Hapa lazima tusimame kidogo kwa ajili ya Waingereza. Wako wanaosema Orlov hakuleta jipya, kwamba Sir William Congreve, yule wa maroketi ya vita, alichapa rangi mbili kwa pigo moja tangu miaka ya 1820, na kwamba mihuri ya ushuru nyuma ya noti za mabenki ya mashambani Uingereza ilipigwa kwa mtambo wake. Ni kweli ilipigwa. Lakini Congreve alifanyaje? Alikata pleti yake vipande vinavyoingiana, akavitenganisha, kila kipande kikapakwa wino wake, kisha vikarudishwa pamoja na kugandamizwa. Michirizi ilichongwa vipande vikiwa pamoja, kwa hiyo ilivuka kutoka rangi hii hadi ile bila kosa, na hilo tunamkubalia. Ila kila mpaka wa rangi ulitaka chuma kikatwe, na chuma hakikatwi kwa wepesi kila mchoraji anapopata wazo. Tena vipande vinavyoachana na kukutana kwa kila shiti havina budi kuchakaa pale vinapokutana. Congreve aligawa chuma. Orlov aliacha chuma kizima, akagawa wino. Anayeona mambo hayo mawili ni sawa hajawahi kutengeneza pleti.

Na huku kwetu? Noti za rangi zilitufikia zikiwa zimechapwa ng'ambo. Za Benki ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, za mwaka 1905, zilitoka Leipzig kwa Giesecke & Devrient. Rupia za Serikali ya Zanzibar za mwaka 1908 zilitoka London kwa Waterlow & Sons. Za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki alichapa De La Rue. Thamani ya mitambo ile ilionekana siku ilipokosekana: vita vya 1914 vilipofunga bahari, noti za Leipzig hazikuja, na benki ya Wajerumani ikachapisha noti za dharura humuhumu nchini mwaka 1915 na 1916, kwenye karatasi ya aina yoyote iliyopatikana, bila michirizi ya kupendeza, bila rangi za kuvukana. Kilichoitenganisha noti na cheti cha dukani kilikuwa namba yake na saini ya mkono. Wazee waliuza ng'ombe kwa vikaratasi hivyo.

Turudi kwenye uzao. Orlov alifariki mwaka 1928. Kabla ya hapo Tsar alikuwa ameondoka, na uchapaji wa noti ulikuwa umewekwa chini ya Goznak, iliyoundwa na Wasovyeti mwaka 1919.

Baada ya Vita Kuu ya Pili akatokea Gualtiero Giori, Mwitalia, aliyeweka kampuni yake Lausanne, Uswisi. Giori alikuwa na akili na alikuwa na soko, na mitambo yake ikajengwa Würzburg na Koenig & Bauer, nyumba ya Friedrich Koenig aliyechapa gazeti la The Times kwa mvuke mwaka 1814. Nasaba hiyo ni tukufu, hatuikatai. Mtambo wa Giori ulipaka rangi kadhaa kwenye pleti moja ya kuchongwa kwa ndani, ile inayoacha wino unaoguswa kwa kidole. Serikali ya Marekani ikaununua, na tarehe 4 Julai 1957 ikatoa stempu ya senti 4 yenye bendera yake ya nyota 48, ya kwanza kuchapwa kwa mtambo huo. Nyekundu na buluu zilipita pamoja, kwa safari moja ya karatasi, na Wamarekani wakastaajabu. Petersburg walikuwa wamestaajabu miaka 65 kabla yao.

De La Rue akashirikiana na Giori, kampuni ikawa De La Rue Giori. Mwaka 2001 Koenig & Bauer wakainunua, jina likawa KBA-Giori, baadaye KBA-NotaSys. Leo sehemu kubwa ya noti za dunia zimepita kwenye mitambo ya nyumba hiyo. De La Rue wenyewe walikuwa na kiwanda Ruaraka, Nairobi, kilichosimamisha kuchapa noti mwaka 2023.

Wanaodai asili ni Giori wana hoja yao: kwamba Mrusi alifanya hayo kwa pleti ya kuinuka, na Giori kwa pleti ya kuchongwa ndani, na kwamba hizo ni kazi mbili. Tungewasikiliza, lau mafundi wa Lausanne na Würzburg wasingeirudia ile rola ya kukusanya. Waliirudia. Kwenye mitambo yao ya baadaye rangi haziendi moja kwa moja kwenye pleti. Zinakutana kwanza juu ya silinda ya kukusanya, kila moja imeletwa na kipande kilichokatwa kwa umbo lake, kisha ndipo zinashuka pamoja kwenye pleti, kama mfumaji wa Meledino alivyopanga. Nao hawakulificha jambo hilo. Mtambo wao mkubwa wa kuchongwa ndani waliupa jina Super Orlof Intaglio, na jina hilo limeandikwa kwenye orodha zao za biashara. Mwenye dai lingine na aanze kwa kutueleza lilifikaje hapo.