Lishe na Virutubisho Katika Kukabili Madhara ya Tibakemia: Mfano wa Mkula, Simiyu

Tibakemia hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ni za aina hiyo, lakini pia zimo seli za utando wa mdomo na utumbo, za mashina ya nywele, na za uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa hutoka vidonda mdomoni, huharisha, hunyonyoka nywele na kupungukiwa chembe nyeupe za damu. Kichefuchefu kina njia yake: dawa huamsha sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika, kwa kiasi kikubwa kupitia ishara zinazotoka kwenye utumbo.

Madhara hayo hayaji kwa pamoja, na mengi hayamkuti mgonjwa akiwa hospitalini. Mkazi wa Mkula, kata ya wilaya ya Busega mkoani Simiyu, huifuata tibakemia Mwanza, katika Hospitali ya Kanda ya Bugando. Kabla huduma za saratani hazijaanza huko, wagonjwa wa Kanda ya Ziwa walilazimika kwenda hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Safari imefupika, lakini utaratibu ni uleule: katika tiba nyingi dripu hutundikwa siku moja, kisha mgonjwa hurudi nyumbani na kungoja siku 21 kabla ya dripu inayofuata. Anayemuuguza kwa sehemu kubwa ya muda huo ni yule anayepika. Kwa hiyo chakula cha kawaida cha nyumbani, kikipangwa kulingana na siku za mzunguko, kina nafasi kubwa kuliko chupa za virutubisho zinazouzwa madukani na stendi, na baadhi ya virutubisho hivyo vinaweza kuihujumu tiba yenyewe.

Siku nne au tano za mwanzo ni za kichefuchefu. Sisplatini, inayotumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi, inajulikana kwa kichefuchefu kinachozidi siku ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa tayari amefika kwake. Hapa vidonge vya kuzuia kutapika hutangulia. Chakula husaidia tu. Tangawizi ina ushahidi wa kiasi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 500, ulionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja kwa siku ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Wagonjwa hao, hata hivyo, walikuwa wakimeza na dawa za kawaida. Tangawizi haikuchukua nafasi ya kidonge.

Vyakula vikavu visivyo na harufu kali ndivyo hukaa tumboni siku hizi, na Usukumani, ilipo Mkula, vipo tangu zamani. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, hutafunwa kidogo kidogo bila kuwasha moto. Dagaa wapikwe mbali na alipolala mgonjwa, maana harufu pekee yatosha kumtapisha. Chakula anachokipenda sana kisisukumwe kwake siku hizi: mwili huunganisha ladha na kutapika, na chuki hiyo yaweza kudumu miezi. Baadhi ya wagonjwa huona ladha ya chuma mdomoni na hushauriwa kuacha vijiko vya chuma, ushauri ambao kwa mla ugali kwa mkono ni kazi bure. Nyama ikimchukiza, choroko, mayai au samaki hushika nafasi yake.

Kipindi cha pili, takriban siku ya saba hadi ya kumi na nne, ndicho cha hatari zaidi. Vidonda vya mdomoni hukomaa wakati uleule chembe nyeupe zinaposhuka chini kabisa. Ukwaju, ubuyu, ndimu na pilipili huwasha vidonda, na vyakula vikavu vya wiki iliyotangulia sasa hukwaruza. Mlenda unafaa kuliko mboga nyingine: unateleza, hauhitaji kutafunwa, na hushusha tonge laini la ugali bila maumivu. Ukitiwa karanga zilizosagwa huongeza nguvu na protini. Uji wa maziwa usio wa moto sana hufaa vilevile.

Kuhusu usafi, baadhi ya hospitali duniani ziliwahi kuwakataza wagonjwa matunda na mboga mbichi kabisa. Tafiti zilizolinganisha makundi hazikuonyesha kwamba katazo hilo hupunguza maambukizi. Embe au ndizi iliyomenywa na mikono safi haina kosa. Hatari iko kwenye maziwa. Mgando unaotengenezwa kwa maziwa mabichi ndani ya kibuyu unaweza kubeba bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo na wengineo. Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe katika chombo safi. Maji ya kisima au lambo yachemshwe, na kiporo kipashwe moto hadi kichemke. Homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku hizi haitibiwi kwa kununua dawa ya malaria na kusubiri, ingawa katika eneo lenye malaria hilo ndilo wazo la kwanza. Ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu hamu ya kula hurejea, na familia nyingi huona mgonjwa amepona kwa muda, zikalegeza uangalizi. Kumbe huo ndio wakati wa kufidia kilichopotea. Miongozo ya lishe ya Ulaya kwa wagonjwa wa saratani hutaja kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu moja kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu moja na nusu. Mtu wa kilo 60 huhitaji basi gramu 60 hadi 90 za protini. Yai moja hutoa kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8. Dagaa wakavu, ambao kwa wakazi wa kando ya ziwa si anasa, hukaribia gramu 60 katika kila gramu 100. Lengo linafikika bila unga wa kopo kutoka nje.

Virutubisho ndivyo vyenye utata zaidi. Mfano wa karibu ni fefo, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki ya wajawazito. Mgonjwa akipauka, jirani humpa fefo zilizobaki ili “kuongeza damu”. Lakini upungufu huo mara nyingi umetokana na uboho kukandamizwa, si kukosa chuma. Tena methotreksati, moja ya dawa za limfoma ya Burkitt inayowapata watoto wa ukanda wa ziwa, hufanya kazi kwa kuzuia matumizi ya foleti mwilini. Asidi ya foliki inayomezwa kiholela yaweza kuipunguzia makali. Kwa kapesitabini mambo hugeuka: foleti huzidisha sumu yake.

Antioksidanti, yaani vitamini A, C, E na jamii yake, husifiwa kwa kulinda seli. Tatizo ni kwamba baadhi ya dawa za saratani huua kwa kuzalisha radikali huru zilezile ambazo antioksidanti huzizima. Utafiti wa wanawake zaidi ya 1,100 wenye saratani ya matiti, uliochapishwa mwaka 2020, uliona dalili za saratani kurudi zaidi kwa waliotumia vidonge hivyo kabla na wakati wa tiba, ingawa takwimu hazikutosha kuondoa shaka. Kwa waliotumia vitamini B12 au chuma uhusiano ulikuwa dhahiri zaidi. Vidonge vya vitamini mchanganyiko vya kipimo cha kawaida havikuonyesha madhara.

Kwa upande wa mitishamba, majani ya mstafeli husifiwa kuliko mengine yote. Sifa hiyo imetokana na majaribio ya maabara, na mmea huo una anonasini, kemikali inayodhuru neva. Kwa anayepata ganzi ya vidole kutokana na vinkristini au paklitakseli, ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Mlonge ni suala la kipimo: majani machache yaliyopikwa kama mboga ni chakula, ilhali unga wake uliokolezwa ndani ya vidonge ni dawa ambayo daktari anapaswa kuonyeshwa chupa yake kabla ya dripu inayofuata.