Hoja Moja, Tanzu Tatu: Kezilahabi na Suala la Mtunzi Kuhama Utanzu

Ushauri anaoupata mara nyingi mtunzi chipukizi wa bunilizi ni kwamba achague njia moja aishike. Akianza na upelelezi, basi aendelee na upelelezi, wasomaji wamjue kwa hilo na mwenye duka ajue rafu ya kumweka. Wahakiki nao huvutia upande wa pili: aliyetunga riwaya, tamthilia, diwani na hadithi fupi huitwa gwiji, na wingi wa tanzu zake husomwa kama ushahidi wa kipaji. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zinahesabu kisichofaa kuhesabiwa. Idadi ya tanzu haina la kutuambia mpaka tujue mtunzi alihama kwa nini, na alipohama alibeba nini.

Tuanze na Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, kwa sababu kwake uhamaji huu unaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Riwaya zake tatu za mwanzo zilitoka kwa kufuatana: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Katika ya kwanza Rosa anajiua. Katika ya pili Kazimoto anajiua. Katika ya tatu Tumaini anahukumiwa kifo kwa kumuua kiongozi wa serikali. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mtunzi aliathiriwa na udhanaishi, na sina ugomvi nayo. Lakini ipo sababu nyingine iliyo ndani ya fani yenyewe. Riwaya ya kihalisia ya aina hii humshika mtu mmoja, ikamfuata nyumbani, shuleni, mjini, kwenye mapenzi, ikimgonganisha na jamii isiyotaka kumsikiliza. Mgongano ukifika kilele, jamii haiwezi kufa, kwa hiyo anakufa mhusika. Mara ya kwanza kifo hicho kinatikisa. Mara ya tatu msomaji anakiona kikija tangu mbali, na nadhani mtunzi naye alikiona.

Sasa tutazame alivyolishughulikia suala moja, siasa ya ujamaa, mara tatu. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ujamaa unaingia kupitia shamba la Tumaini. Kwa kuwa tumetembea na Tumaini kitabu kizima, tunamwonea huruma hata tukijua alivyotapanya mali na watu. Hoja ya kisiasa inamezwa na hatima ya mtu. Katika Gamba la Nyoka (1979) mtunzi anatanua uwanja: wanakijiji wanaohamishwa, vijana wasomi wanaorudi na nadharia walizofundishwa, wazee wasioamini. Huruma inagawanyika na hoja inapata pumzi, ila watawala wenyewe wanabaki mbali, nje ya kijiji, kama amri tu. Ndipo tunapoielewa tamthilia ya Kaptula la Marx, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapa mtawala yuko mbele yetu, amevaa kaptula ya Marx ambayo haikushonwa kwa kipimo chake. Wazo hilo lingeingizwa katika riwaya, lingehitaji kurasa za maelezo na bado lingeonekana kuwa istiari ya kulazimisha. Jukwaani halihitaji hata sentensi moja: mwigizaji anaingia, hadhira inaona nguo, inacheka, na hoja imeshafika. Mtunzi hakuiendea tamthilia kwa kutafuta uzoefu mpya. Aliiendea kwa sababu alikuwa na jambo la kusema ambalo riwaya zake mbili zililigusa bila kulimaliza.

Kuhusu alichobeba, ushahidi mzuri uko katika ushairi. Kichomi (1974) ilipotoka ilizua ule mjadala maarufu kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, na mashairi yake yalishutumiwa kwa kukosa vina na mizani. Mjadala ule ulijishughulisha mno na kile ambacho Kezilahabi alikiacha, haukuuliza alikuja na nini. Alikuja na sentensi ya mwandishi wa nathari: usemi wa mtu anayezungumza, unaokatika pale pumzi inapokatika. Halafu mkopo ukarudi: riwaya nayo ikakopa kwa ushairi. Kati ya Gamba la Nyoka na Nagona (1990) kuna tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin (1985) na diwani ya Karibu Ndani (1988). Anayeruka kutoka 1979 hadi 1990 akizisoma riwaya peke yake hushtuka: mandhari hayana anwani, wakati hausogei kwa mstari, msimulizi hana wasifu. Wengi wameliita hilo badiliko la ghafla, hata mapinduzi. Aliyepitia diwani kwanza hashtuki hivyo, kwani taswira zinazojitegemea na ufupi wa Nagona vilikuwa vimeshafanyiwa mazoezi katika ushairi. Kitabu chembamba kile ni riwaya iliyoandikwa na mtu aliyekuwa ametoka kuwa mshairi.

Isidhaniwe kwamba kinachobebwa huwa na faida siku zote. Shaaban Robert aliandika tenzi, mashairi, insha, wasifu, tawasifu na nathari za kubuni, na heshima yake haitikisiki kwa ninalolisema hapa. Katika Adili na Nduguze (1952) mhusika mwema anaitwa Adili, na ndugu zake wawili ni Hasidi na Mwivu. Katika utenzi wa mawaidha majina ya namna hiyo hayana kasoro, maana msikilizaji hakuja kutafuta fumbo bali kuthibitishiwa anachokijua. Katika hadithi ndefu ya nathari yanamnyang'anya msomaji shaka, na shaka ndiyo inayomfanya afungue ukurasa unaofuata. Adabu ya utanzu mmoja imehamia katika utanzu mwingine bila kuulizwa kama inahitajika.

Upande wa waliobaki, jina la kwanza ni Muhammed Said Abdulla. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya iliyoibuka na ushindi katika shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, hadi Kosa la Bwana Msa (1984), alimng'ang'ania mpelelezi yuleyule, Bwana Msa mwenye kiko chake, na mwenzake Najum pembeni. Wapo wanaouona huo ni umaskini wa ubunifu. Mimi naona kinyume. Katika kitabu cha kwanza swali ni la kawaida la upelelezi: nani kaua, na hofu ya mzimu inamfichaje muuaji. Kadiri mfululizo unavyoendelea, maiti inapungua uzito na swali linageuka kuwa nani ni mwana wa nani. Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976): humo tunakutana na ndoa zilizofichwa, nasaba zilizochanganyika, watoto wasiojua asili yao. Katika Zanzibar ambamo nasaba iliamua nani arithi, nani aoe wapi na nani aitwe nani, hakuna fani iliyofaa zaidi kuichunguza kuliko ile inayoishi kwa kufukua yaliyopita. Abdulla hakuhama kwa sababu swali lake lilikuwa bado linapata majibu palepale alipo.

Elvis Musiba naye alibaki na jasusi wake Willy Gamba kuanzia Kufa na Kupona (1974), na kwa miaka mingi ujasusi ulimpa nafasi ya kuandika juu ya ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa kasi na ushabiki ambao riwaya zinazoitwa dhati hazikuuthubutu. Lakini shujaa wa namna ile anategemea adui wake. Utawala wa makaburu ulipoanguka 1994, mfululizo ulipoteza injini, na kubaki kukawa mazoea.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa haiwaendei watunzi. Inatuendea sisi tunaowasoma kwa kazi. Idara zetu za Kiswahili hufundisha riwaya katika kozi moja, ushairi katika nyingine, tamthilia katika ya tatu, na tasnifu nyingi hufuata kuta hizohizo. Matokeo yake Kezilahabi wa Kichomi ana wahakiki wake na Kezilahabi wa Nagona ana wake. Tuzo zimejengwa vivyo hivyo: Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014, ilipokea kazi kwa utanzu, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza na riwaya na ushairi. Mgawanyo huo unarahisisha kazi ya majaji, na siupingi. Ila mtunzi anayeandika kama Said Ahmed Mohamed katika Dunia Yao (2006), anayeruhusu ushairi na mchezo kuingia ndani ya riwaya, inabidi ajaze fomu kwanza ndipo ajue ameandika nini.

Utanzu pia huamua kitakachomfikia msomaji na lini. Gamba la Nyoka ilitoka 1979, ujamaa ukiwa bado ni sera ya taifa. Kaptula la Marx, yenye hoja kali zaidi juu ya jambo lilelile, haikuchapishwa hadi 1999. Uhakiki unaoiweka tamthilia hiyo miongoni mwa kazi za miaka ya 1990, kwa kuangalia tarehe ya jalada tu, unaikatia mizizi yake katika riwaya mbili zilizoitangulia.