Msizi wa Amani

Anunuaye iliki Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, aghalabu haulizi mzigo ule umeshuka kutoka mlima gani. Baadhi yake hutoka Usambara ya Mashariki, na huko habari zake zimefungamana na habari za mti uitwao msizi.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko Amani, juu ya Muheza, chuo cha utafiti wa mimea. Wakakusanya miti ya kila pembe ya dunia, wapate kuona upi utaleta faida. (Usambara nayo ilitoa: ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao leo lapamba madirisha ya Ulaya, wala halimsumbui mtu.) Msizi uliletwa mwaka 1913. Haukuvuka bahari, kwao ni misitu ya magharibi, hata Bukoba. Nadhani jambo hili liliwapumbaza wengi, kana kwamba ugeni wa mti hupimwa kwa mipaka ya serikali.

Mabwana miti waliupenda, kwa kuwa hukua upesi na shina lake hunyooka. Katika miaka ya 1960 na 1970 wakaupanda kwa wingi palipokatwa magogo. Hawakumhesabu hondohondo. Ndege huyu hula tunda lake jeusi, kisha huruka na kuidondosha kokwa mbali msituni. Penye kivuli kizito mche hudhoofu; penye mwanga huwapita wenziwe wote. Na mwanga ulikuwapo tele, maana wapasua mbao walitoboa msitu, na wakulima wa iliki wakafyeka miche ya chini na kupunguza miti mikubwa. Hivyo masoko yetu nayo yalimfungulia mgeni mlango.

Ukataji wa magogo ulikomeshwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikaundwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kwenye chemchemi za mto Zigi uinyweshao Tanga. Je, misizi ikatwe? Wengi hudhani shoka latosha. Mimi naona sivyo: msizi mkubwa ukianguka huacha pengo, nalo hujazwa na watoto wake. Yafaa mche utambuliwe mapema, kwa majani yake yenye kingo za meno ya msumeno, ung'olewe kwa mkono, na mahali pake upandwe msambu au mti mwingine wa kwao, upaliliwe miaka kadhaa. Kazi hiyo haina mbao za kuuza, na kwa hiyo ni shida kumpata wa kuilipia.