Wasalasaca wa Galápagos: Wahamiaji ndani ya nchi yao

VISIWA vya Galápagos viko katika Bahari ya Pasifiki, takriban kilomita 1,000 magharibi mwa Ecuador, nchi inayovimiliki tangu 1832. Havikuwa na wenyeji wa asili. Ndiyo maana Wasalasaca, jamii ya kiasili inayozungumza Kikichwa na yenye chimbuko katika mkoa wa Tungurahua, milimani Andes, huhesabiwa humo kuwa wahamiaji tu.

Wengi wao wanaishi Puerto Ayora, kisiwani Santa Cruz, ambako utalii umezua kazi za ujenzi zenye malipo yasiyopatikana katika mashamba ya kwao.

Mnamo Machi 1998 ilipitishwa Sheria Maalumu ya Galápagos, iliyowazuia hata raia wa Ecuador kuhamia huko watakavyo. Aliyekuwa ameishi visiwani kwa miaka 5 au zaidi alitambuliwa kuwa mkazi wa kudumu. Aliyechelewa alihitaji kibali cha muda na mwajiri wa kumdhamini; asiyekuwa nacho hurejeshwa bara. Kwa kipimo hicho, ndugu wawili wa kijiji kimoja, mmoja aliyefika 1992 na mwingine 1994, walijikuta katika matabaka mawili.

Serikali ina hoja, na si hoja hafifu. Asilimia 97 ya nchi kavu ya visiwa hivyo ni mbuga ya kitaifa tangu 1959, makao ya kobe wakubwa wasiopatikana kwingineko. Mbuzi, panya na mimea iliyoingia pamoja na binadamu imewadhuru mno. Mnamo 2007 shirika la UNESCO liliviorodhesha visiwa hivyo miongoni mwa turathi za dunia zilizo hatarini, likitaja viumbe vamizi, utalii na uhamiaji. Viliondolewa katika orodha hiyo 2010. Katiba ya 2008, ambayo inatambua haki za jamii za kiasili na za mazingira pia, inaruhusu waziwazi uhamiaji wa kuingia Galápagos udhibitiwe.

Hata hivyo, watalii waliozuru visiwa hivyo mwaka 2023 walizidi 300,000, na hoteli zinazowapokea zinahitaji waashi.

Sheria mpya ya 2015 haikulegeza kamba. Kuzaliwa visiwani hakutoshi. Sharti mzazi mmoja awe mkazi wa kudumu. Mtoto wa wazazi wenye vibali vya muda, hata akizaliwa Puerto Ayora, hapati ukazi wa kudumu kwa kuzaliwa huko.