Simu Nayo Ibishiwe Hodi

Juma lililopita shangazi yangu alinikabidhi simu yake mpya. "Mwanangu, niwekee ile programu ya kulipia umeme." Nikaandika jina lake, zikatokea tano zinazofanana kama mapacha. Nikachagua moja, kumbe siyo. Ikaanza kudai majina ya watu wote aliowahifadhi simuni. Nilipoifuta, shangazi akaniuliza, "Hata nyinyi mliosoma mnabahatisha?"

Swali hilo limenikumbusha historia ya kitu kidogo ambacho kingeniokoa na aibu: kibandiko cha NFC, yaani mawasiliano ya redio ya karibu sana. Unagusisha simu hapo, nayo inafungua ukurasa wa programu unayoitaka. Huandiki jina wala hubahatishi.

Jambo hili lina asili ya mbali. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mti. Ndani yake mlifichwa chombo cha kunasia mazungumzo, kazi ya mhandisi Leon Theremin. Hakikuwa na betri wala waya. Kilipata uhai kutokana na mawimbi ya redio yaliyoelekezwa kwake kutoka nje. Kiligunduliwa mwaka 1952.

Kibandiko nacho hakina betri. Simu ikikikaribia kwa sentimita 4 hivi, hukipa nguvu kwa mawimbi ya megahezi 13.56, nacho hujibu kwa maneno machache yaliyoandikwa ndani yake. Sony na Philips walikubaliana kuijenga teknolojia hii mwaka 2002. Mwaka 2004 wakaungana na Nokia kuanzisha NFC Forum. Mwaka 2011, Android toleo la 4.0 likaruhusu kibandiko kibebe jina rasmi la programu. Kama simu inayo, inaifungua; kama haina, inakwenda dukani kuitafuta. Toleo hilohilo lilileta Android Beam, huduma ya simu mbili kupeana vitu kwa kugusana migongo.

Hapo ndipo wepesi ulipozaa hatari. Tangu toleo la 8 la mwaka 2017, Android ilitakiwa kumwonya mwenye simu kila programu inapotoka nje ya duka. Lakini huduma ya NFC ilikuwa imewekwa miongoni mwa zinazoaminiwa. Programu iliyopitia Beam haikuletewa onyo hilo. Kilichobaki ni mtu kubonyeza akubali. Kasoro hiyo ilizibwa Oktoba 2019, na mwaka huohuo, katika toleo la 10, Google ikatangaza kuachana na Beam. Vibandiko vimebaki, na mwaka 2020 Apple nao walivitumia kufungulia vipande vidogo vya programu katika iPhone.

Mimi siulaumu wepesi. Aliye karibu si lazima awe mwema. Hata ile zawadi ya Moscow ilipokelewa kwa mikono miwili. Kwetu mgeni hubisha hodi, akasubiri aambiwe karibu, hata kama mlango u wazi. Kibandiko kituonyeshe njia ya kufika dukani, lakini neno "karibu" libaki kinywani mwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba, wasikilizaji, ni shangazi yangu.