Musafiri wa Athens na Msafiri wa Ruiru

Kuna neno la Kigiriki cha leo ambalo mtu wa Thika hahitaji darasa kulitamka: musafiris. Ukimwita mwenyewe, ile s ya mwisho inaanguka, unabaki na "musafiri". Sasa usikimbilie kusema ni yule yule msafiri anayengoja mathree pale Ruiru. Athens, musafiris hayuko njiani. Ni mgeni ambaye ameshafika kwako. Wakiwa wengi wanaitwa musafirides, na hapo inabidi utoe sufuria kubwa.

Ilikuwaje? Shina ni la Kiarabu, musafir, mtu wa safari. Huku pwani lilikuja na majahazi na biashara, Waswahili wakalivalisha m- na wa-: msafiri, wasafiri. Maana ikabaki barabarani. Upande wa pili likaingia Kituruki, likawa misafir, yaani mgeni. Waturuki waliteka Constantinople mwaka 1453, wakatawala Wagiriki wengi kwa karne kadhaa, hadi vita vya uhuru vilivyoanza 1821. Watawala wakaondoka, neno likabaki.

Kwa hivyo neno ni moja, lakini sisi tunamwona mtu akiwa barabarani, Wagiriki wanamwona akiwa mlangoni.

Inatuhusu nini? Thika na Ruiru ni miji ya wasafiri. Reli ilifika Thika 1913, mashamba ya kahawa na mkonge yakaita vibarua, viwanda vikafuata, halafu barabara kuu mpya ikakamilika 2012. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, watu wa Ruiru waliongezeka zaidi ya mara mbili. Lakini mtu amezaliwa hapa, amesoma hapa, na bado anaulizwa, "Kwenu ni wapi?" Siku za kawaida hiyo ni stori tu. Baada ya uchaguzi wa 2007, swali hilo liliulizwa na watu wenye panga, na zaidi ya Wakenya 1,100 walikufa katika vurugu hizo.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma kama ukali. Mimi naona kitu kingine: anayelima na wewe si mgeni tena. Watu wa Ruiru walishapewa jembe zamani, na wamelima.

Kwa hivyo ukiulizwa kwenu ni wapi, taja steji yako.