Bank (neno la Kiingereza)

Bank ni neno la Kiingereza lenye maana nyingi. Zinazojulikana zaidi ni mbili: ukingo wa mto, na benki, yaani taasisi inayotunza na kukopesha fedha. Neno hilo hutaja pia fungu la mchanga baharini na safu ya vitu vya aina moja. Likiwa kitenzi, linaweza kumaanisha kuinama kwa ndege upande mmoja inapogeuka angani.

Kamusi nyingi za Kiingereza huligawa kuwa maneno kadhaa yenye namba, kwa sababu maana hizo ziliingia katika lugha hiyo kwa njia tofauti. Hata hivyo, shina lao ni moja.

Asili

Shina hilo ni la lugha za Kigermanik, nalo lilihusu mwinuko wa udongo au kitu cha kukalia. Maana ya ukingo inaaminika kufika Uingereza pamoja na Waviking waliosema Kinorse cha kale. Wakati huo Kiingereza kilikuwa tayari na neno lake kutoka shina hilohilo, ambalo leo ni bench, yaani benchi.

Maana ya fedha ilizunguka mbali zaidi. Waitalia walichukua neno la Kigermanik na kulifanya banco au banca, wakimaanisha benchi au meza. Katika miji ya Italia wabadilishaji wa fedha walifanya kazi kwenye meza za namna hiyo, na jina la meza likawa jina la biashara yenyewe. Kupitia Kifaransa (banque) lilifika katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 15. Neno bankrupt, yaani muflisi, linatokana na Kiitalia banca rotta, "meza iliyovunjika". Husimuliwa kwamba meza ya aliyeshindwa kulipa madeni ilivunjwa kweli mbele ya watu, lakini huenda ni tamathali tu. Hata banquet, yaani karamu, asili yake ni "benchi dogo".

Maana ya safu ilitoka Kifaransa cha kale banc, na ilihusu benchi la wapiga makasia merikebuni.

Kijerumani bado kinatumia Bank kwa benchi na kwa benki, ila wingi hutofautiana: Bänke ni mabenchi, Banken ni mabenki.

Matumizi

Jijini London, kituo cha reli cha Bank kimepewa jina la Benki ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1694, ilhali South Bank ni eneo la ukingo wa kusini wa mto Thames. Dogger Bank ni fungu kubwa la mchanga katika Bahari ya Kaskazini. Usemi blood bank ulibuniwa na daktari Bernard Fantus, aliyeanzisha hifadhi ya damu katika Hospitali ya Cook County, Chicago, mwaka 1937.

Katika Kiswahili

Kiswahili kilipokea benki na benchi kutoka Kiingereza kama maneno mawili yasiyohusiana, ingawa ni ndugu. Benki ya damu ni tafsiri ya moja kwa moja. Maana ya ukingo haikukopwa; ndiyo maana West Bank ya Palestina huitwa Ukingo wa Magharibi. Mfasiri asiyetazama muktadha anaweza kuigeuza "Benki ya Magharibi", na msomaji akadhani habari ni ya fedha wakati ni ya ardhi iliyo magharibi mwa mto Yordani.